Aliyelala Usimwamshe

Sista Kerubo, usinitazame hivyo.
Mimi si mwoga wa sindano.
Nimedungwa kuliko kile kimto cha pini
kilicho mezani pangu kule Kariobangi.
Mishipa ya mkono huu inawajua watu wa maabara kwa nyayo,
hujificha ikiwasikia koridoni.

Miaka kumi na mmoja.
Daktari wa kwanza alisema malaria,
wa pili, mawazo,
wa tatu akanisukuma kwa wa nne,
na wa nne, Upper Hill, ghorofa ya sita, lifti mbovu,
ndiye aliyelitamka: lupus.
Neno la kale, akasema, maana yake mbwa mwitu.
Nikalipa elfu nne na mia tano
nikarudi nyumbani na mnyama.

Humwoni. Analala hapa, kwenye vifundo vya vidole.
Namlisha vidonge sita alfajiri, vinne usiku.
Namkinga jua kwa mwavuli
hata Julai, mji ukiwa kijivu kama sufuria,
na watoto wa ploti hunicheka: Mama Mvua! Mama Mvua!

Sasa miezi minane hajabweka.
Miezi minane nashona mshono hadi mwisho
bila kulilia kitambaa cha watu.
Ndipo unapokuja na kichupa chako cha baridi
unataka kuwagongea askari wa mwili: amkeni.

Askari wangu, sista, ndio walionipiga.

Na usidhani nimeletewa haya na simu.
Njambi alinitumia ile sauti ya mwanamume
anayeapa kwamba chanjo ina sumaku.
Nilicheka. Sumaku naijua,
ndiyo huniokotea pini sakafuni.
Hofu yangu si kubwa hivyo. Inaenea kiganjani.
Ni ule mwaka wa dawa mpya, waliponiambia haina neno,
uso ukafura hadi Mutheu, mwanangu,
akaniomba nisimfuate tena shuleni.
Kwenye faili wakaandika: *mgonjwa anavumilia*.

Hapo ukafunika kisanduku cha barafu.
Ukavuta stuli.
Foleni nyuma yangu ikakohoa, ikabadilisha mguu,
mzee Wekhuya wa figo akauliza kama tunapanga harusi.
Ukasema: ilikuwaje, huo mwaka?
Nikakueleza mpaka nikaishiwa.
Kisha nikauliza, je, hataamka?
Ukasema: sijui.
Huenda akageuka upande. Huenda ukaumwa siku mbili.
Lakini nimonia haitabisha hodi, nayo itamkuta amelala vilevile.

Sijui.
Miaka kumi na mmoja, makoti meupe mangapi,
na hilo neno sikuwahi kupewa na yeyote.

Sikuchanjwa siku hiyo.
Nilipita River Road nikanunua uzi wa kijani
ambao sikuuhitaji.
Usiku nikamsikiliza kwenye vidole. Kimya.
Nikamsikiliza kwenye magoti.
Mutheu akageuka kitandani akasema, mama, unahesabu nini?

Alhamisi ukanipigia simu, kwa salio lako mwenyewe,
nilijua, maana ilikatika katikati ukapiga tena.
Umezungumza na daktari wangu.
Amesema ni sasa, sista, ukasema,
wakati amelala ndio wakati.
Mithali niliyolelewa nayo inasema kinyume.
Bibi yangu Mumbua angeguna, akaangalia pembeni.

Nimekuja.
Sijaacha kuogopa, nimekuja naye tu,
kama unavyokuja na mtoto asiye na wa kumwachia.
Namba yako nimeiandika ukutani juu ya cherehani.
Nikipiga saa tisa usiku, upokee.

Mkono upi? umeuliza.
Wa kushoto.
Wa kulia una gauni la bi harusi wa Umoja,
na bado sijalipinda.